Tisa Zilizopotea Oldeani

Baba,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea tu, maana marahaba yako siisikii tena. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba mbele ya nyumba hapa Oldeani, na daftari zako zote ziko miguuni pangu ndani ya boksi la sabuni. Ni saa nne asubuhi. Ukungu bado umelala kwenye mibuni, na mbwa wa Emanueli ananiangalia kama anayejiuliza huyu naye katokea wapi. Ana haki. Tangu tukuzike mwaka jana, hii ni mara ya pili tu nafika hapa.

Sikuandikii ili nikulilie. Nimeshakulilia vya kutosha, mpaka wenzangu pale chuoni Dar wakawa wananipisha kwenye korido. Nakuandikia kwa sababu nina mashaka na wewe. Nimetafuta neno la upole zaidi nikalikosa. Mwanao uliyekuwa ukimwita Mama, kwa kuwa ana jina la mama yako, amemaliza wiki mbili akikuchunguza kama mpelelezi.

Habari za nyumbani kwanza, maana ulikuwa hupendi mtu aanze na ubaya. Emanueli mdogo wangu ameanza kuota mvi. Kahawa yako ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri. Kipimamvua walichokupa siku ya kustaafu, kile kile ulichokisoma kazini, kimesimama pale pale kwenye kigingi chake, lakini hakuna anayekisoma, na nilipofika nilikuta buibui amejijengea mdomoni mwake. Halafu kijiji kinataka bwawa. Mhandisi amekuja kutoka Karatu mjini, amepima bonde lote, kisha akauliza swali ambalo ungelipenda: mvua ya hapa ni kiasi gani, na nani ana kumbukumbu? Mkutano mzima ukajibu kwamba kumbukumbu ziko kwa marehemu mzee.

Ndipo Emanueli akanipigia simu. "Dada, njoo uzitie kwenye kompyuta, msomi ni wewe." Nikaomba likizo nikaja. Nilikuja kwa fahari, Baba. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Miaka yote uliyofanya kazi kwenye lile shamba kubwa la kahawa, kila siku saa tatu kamili asubuhi ulifungua kile chombo cha shaba, ukamimina maji yaliyokusanyika kwenye bomba la kioo, ukainama mpaka jicho lako likawa sawa na usawa wa maji, kisha ukaandika milimita. Tarehe, namba, basi. Wenzangu walikuwa na baba wanaojua kuimba kanisani na baba wanaojua kuchinja ng'ombe. Mimi nilikuwa na baba anayejua mvua ilinyesha kiasi gani, na niliona nimewazidi wote.

Ni wewe uliyenifundisha kutomwamini mtu. "Chombo hakina mjomba," ulikuwa unasema, ukimaanisha hakipendelei. Mtu atakuambia mvua ilikuwa kubwa kwa sababu paa lake linavuja, na mwingine atasema ilikuwa ndogo kwa sababu mahindi yake yamekauka. Wewe nenda kaangalie kioo. Nikakua hivyo, msumbufu, mtu wa kuuliza "umejuaje?" hata kwenye maombi. Nilipokuambia nimekuwa mwanafizikia wa nadharia, kwamba kazi yangu ni karatasi na kalamu na kuwaza vitu vidogo kuliko vumbi, ulinitazama kwa mashaka makubwa.

"Hiyo elektroni umeiona?"

Nikasema sijaiona, hakuna aliyeiona, tunaona alama zake tu, kama mtu anavyojua fisi alipita kwa kuona nyayo.

"Nyayo za fisi hata mtu anaweza kuzichora," ukasema, ukaendelea kumenya muhogo wako.

Nimelisimulia hilo mbele ya maprofesa, na kila mara wanacheka. Lakini wakiondoka nabaki nalo. Watu wanadhani fizikia ni nyumba ya uhakika. Mimi nimekaa humo muda mrefu, naona ni nyumba ya watu wanaotiliana shaka kwa utaratibu. Tunaandika milinganyo mizuri, inakubaliana na vipimo, tunapongezana, halafu mtu mmoja mbaya anauliza: na kama aliyepima alichora nyayo? Nadharia zangu zote mwisho wake zinamwangukia mtu fulani aliyeinama mahali akasoma kioo. Miaka yote, Baba, kila nilipomwaza mtu huyo, nilimpa sura yako.

Basi siku ya tatu nilimaliza kuingiza namba zako nikachora mchoro wa kawaida kabisa: mvua za ukubwa gani zilinyesha mara ngapi. Mvua ndogo huwa nyingi na mvua kubwa huwa chache, kwa hiyo mchoro unatakiwa kuteremka taratibu, kama barabara ya kutoka geti la Ngorongoro kuja Karatu. Wako uliteremka vizuri mpaka kwenye milimita sita. Halafu ukaingia shimo. Saba zilikuwa chache, nane chache zaidi, na tisa zilikuwa karibu zimekwisha. Kwenye kumi na kumi na moja kukawa na kilima. Nikadhani nimekosea kuingiza. Nikarudia daftari moja baada ya jingine kwa kidole, mpaka kidole kikawa cheusi. Daftari za mwanzo zilikuwa na tisa za kutosha, kama inavyotakiwa. Halafu kuna tisa moja ya mwezi wa kumi na moja, wa mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Baada ya hiyo, mpaka unastaafu, hakuna tisa hata moja.

Mvua haiwezi kuichukia namba, Baba. Anayeweza ni mtu.

Na kumi nilijua ni nini. Kila mtoto wa kambi ile alijua. Sheria ya shamba ilikuwa kwamba mvua ikifika milimita kumi, hakuna kupanda kwenda shamba la juu, lile la mteremko mkali lililopakana na msitu wa hifadhi. Siku hiyo wachumaji wote walikaa ghalani wakichambua kahawa kavu, na ujira wa siku yao haukukatwa. Ikiwa chini ya kumi, walipanda. Wewe uliandika namba kwenye ubao mweusi mlangoni mwa ofisi, mnyapara akaisoma, na watu wakaelekea walikoelekea. Kwa hiyo mahali pote mvua ilipokaribia kumi, kalamu yako iliisukuma ikavuka.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yako, hata siku ile.

Unaijua siku ninayoisema. Nilikuwa kidato cha tatu, tumepewa jaribio la pendulamu, na mimi nilikuwa nimechelewa kurudi kutoka likizo. Nikapika data. Wanafunzi wote wanapika, ndivyo tunavyoita, nami nikapika vizuri mno. Majibu yangu yote yalifanana na ya kitabu. Nilipokuja nyumbani Jumapili, uliliona daftari langu juu ya meza. Wewe uliyeishia darasa la saba ukafungua kurasa mbili ukasema, "Kitu cha kweli hakifanani hivi. Mimi sijawahi kukuta mvua mbili pacha." Kesho yake ukanitembeza kwa miguu kutoka Oldeani mpaka shuleni Karatu, vumbi lote lile, ukanisimamisha mbele ya mwalimu niseme mwenyewe. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Arusha kwenye mashindano ya sayansi. Jina langu likafutwa. Nililia wiki nzima, na wewe hukunibembeleza.

Wakati huo, kwa hesabu ya daftari zako, ulikuwa umeshapika kwa miaka. Nyani haoni kundule. Nisamehe, ni methali tu, lakini nimeiandika na siifuti.

Na mazishi yako nayo nimeanza kuyashuku. Katekista alisema kaburini kwamba katika maisha yako hukuongeza wala hukupunguza. Niliona wazee watatu wakiinamisha vichwa kwa pamoja, nikadhani ni majonzi. Sasa nawaza upya walikuwa wanaangalia nini pale chini.

Sikutaka kukuhukumu kwa mchoro mmoja. Nilijiambia, huenda kuna maelezo mengine, huenda watu walichezea chombo. Nikapanda bodaboda mpaka sokoni Karatu kumtafuta Mama Safari. Unamkumbuka; alichuma kahawa pale tangu usichana wake, sasa anauza vitunguu vya Mang'ola karibu na maduka ya vitenge. Nilimsalimia, nikanunua sadolini nzima, lile kopo la rangi wanalopimia, ya vitunguu nisivyovihitaji, kisha nikamuuliza kuhusu zile kumi. Hakushtuka hata kidogo, na hilo nalo nililiweka akilini.

"Tulikuwa tunamwaga sisi, mwanangu," akasema. "Mvua ikiwa ndogo ndogo, mmoja anawahi alfajiri na kikombe cha chai, anaongeza mle. Baba yako masikini alikuwa hajui lolote. Anakuta maji, anaandika."

Ah, Baba, nilivyofurahi! Nilirudi nikiwa nimekumbatia vitunguu. Wewe ulikuwa msafi. Uliandika ulichokikuta. Kioo kilisema kumi na moja, ukaandika kumi na moja. Kama kuna aliyedanganya ni kikombe. Nilikuwa na nadharia nzuri, na ilikuwa inanipa kila nilichokitaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa. Kazini nimejifunza kwamba nadharia inayokupendeza sana ndiyo ya kupigwa kwanza. Nikamtoa buibui kwenye kipimamvua, nikachukua kikombe cha chai cha bati, kile chako chenye ua jekundu, nikamimina maji ndani ya chombo na kuyapima kwa bomba lako la kioo. Milimita ishirini, na kidogo juu. Nikarudia mara tatu. Kikombe kimoja tu kinatosha kuigeuza asubuhi kavu kuwa mvua kubwa. Kama kweli akina mama walimwaga kikombe juu ya mvua ya sita au saba, basi daftari zingejaa ishirini na sita na ishirini na saba. Hazimo. Kuna kumi, kumi na moja na mara chache kumi na mbili. Hakuna mchumaji anayeweza kumimina maji gizani kwa ustadi huo, kila mara yakavuka mstari kwa tone. Kalamu ndiyo inaweza.

Kwa hiyo Mama Safari alinidanganya usoni, huku akinipimia vitunguu.

Nilirudi kwake kesho yake. Nikamwambia, "Mama, nimekipima kikombe." Akacheka, akacheka mpaka akashika kiuno, akamwambia jirani yake kwamba mtoto wa mpima mvua amepima kikombe. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akanivuta tukae nyuma ya magunia.

Sikuwahi kujiuliza Safari ni nani. Kila mtu anamwita Mama Safari, nami nilidhani Safari ni jitu zima liko Arusha au Mwanza linahangaika na maisha. Safari alikuwa na miezi minane. Asubuhi ya ile tisa ya mwisho, alikuwa mgongoni. Uliandika tisa ubaoni, mnyapara akasema tisa siyo kumi, wakapanda. Udongo wa kule juu unaujua wewe, ukilowa unakuwa kama mafuta. Mama yake aliteleza na debe la kahawa kichwani, akaenda kwa mgongo mpaka kwenye mfereji wa mawe. Yeye alivunjika mkono. Mtoto hakulia hata mara moja.

Aliniambia kwamba ulikuja na koleo lako mwenyewe kuchimba kaburi. Watu wakamaliza kuzika wakaondoka, na wewe ukabaki umesimama ukiangalia mikono yako.

Mtu aliyenidanganya jana, kwa nini nimwamini leo? Ndiyo, Baba, nililiwaza hilo pale pale, huku mama wa watu anafuta machozi kwa khanga. Uliniumba hivi. Nilirudi nikafungua daftari. Baada ya ile tisa kuna siku mbili tupu. Tarehe umeziandika, lakini mbele yake hakuna kitu, hata sifuri. Katika miaka yote uliyofanya kazi pale, siku tupu ni hizo mbili tu, na mvua ya kwanza iliyofuata ni kumi na moja.

Nimekaa na jambo hili tangu hapo, nimelizungusha kila upande. Mwanafizikia ndani yangu alikuwa mwepesi wa kukutetea. Alisema hivi: ile tisa ilikuwa kweli, lakini ile kumi haikuwa kweli kamwe. Mteremko hauanzi kuteleza kwenye milimita ya kumi. Unateleza kidogo kidogo, kwenye tano, kwenye saba, kwa jinsi udongo ulivyolala na jinsi mtu alivyochoka. Kumi haikutoka mbinguni. Mtu fulani ofisini aliipenda kwa sababu ina sifuri. Asili haina mistari, sisi ndio tunaichora, halafu tunasahau kwamba tuliichora wenyewe na tunaanza kuitii kama amri. Kwa hiyo ulipoipinda namba ya kweli, uliipinda ili ipite mstari wa uongo.

Ni utetezi mzuri. Ndiyo maana siuamini. Kila mpika data niliyewahi kumkamata alikuwa na nia njema. Hakuna anayepika akijiona mwovu; kila mmoja anaona anaisaidia kweli kidogo, maana imechelewa. Mimi mwenyewe na pendulamu yangu nilikuwa naisaidia tu. Na uongo wako haukubaki kwenye ule ubao mweusi. Umelala kwenye daftari miaka yote hii, na sasa umeamka unataka kujenga bwawa. Mhandisi akizichukua namba hizi kama zilivyo, ataamini mvua ni kubwa kuliko iliyopo, na maji yatagawiwa mpaka kaya za bondeni kabisa, ambako hayatafika. Watu watahamishia bustani zao kwenye mfereji mkavu, kwa neno lako. Hapo huruma yako kwa wachumaji itakuwa imewadhulumu wajukuu wao.

Nikamwambia Emanueli kwamba nitasema mkutanoni. Alikasirika sana. "Muache Baba alale, Dada. Wewe utarudi Dar, mimi nabaki hapa na jina lake." Nikamuuliza kama anataka watu wakose maji kwa ajili ya jina. Akajibu kwamba msomi hakosi neno, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hatukusemezana siku mbili, tukila sahani moja. Sikulala vizuri. Niliogopa. Huku ndiko ulikokuwa mtu, Baba. Huna nyumba ya ghorofa, huna gari, huna cheo. Ulikuwa na kitu kimoja, kwamba ukisema namba watu wanaishika, na binti yako aliyesomeshwa kwa jasho lako ndiye anakwenda kukunyang'anya.

Jana nilisimama ofisi ya kijiji. Nikamwambia mhandisi na wote waliokuwepo kwamba baba yangu alizibadilisha mvua nyingi zilizokuwa chini kidogo ya kumi akaziandika kumi na zaidi, kwamba alifanya hivyo kwa makusudi kwa miaka mingi, na kwamba ninajua jinsi ya kuzishusha ili hesabu ya bwawa ikae sawa. Sikusema sababu.

Nilisubiri minong'ono, haikuja. Halafu akasimama Mzee Boay. Ndiye alikuwa mnyapara wako, yule yule aliyesema tisa siyo kumi. Sasa anatembelea fimbo.

"Mama, kaa, usiteseke," akasema. "Hilo sote tunalijua. Mimi nilikuwa naisoma kumi na moja pale ubaoni huku viatu vyangu havina hata tope. Naisoma kwa sauti, nawapeleka watu ghalani. Tulikuwa tunangoja tu nani atamwambia mhandisi, maana sisi tuliapa."

Nikauliza mliapa nini.

"Alituomba tusikuambie wewe. Wengine haikuwa shida, hata huyu Emanueli anajua. Alisema, mwacheni yule wangu aziamini namba, ndiyo njia yake ya kutoka hapa."

Nilimgeukia Emanueli. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikakaa chini, Baba. Mhandisi alikuwa ananiuliza kitu kuhusu kushusha zile namba na sikumsikia. Nilikuwa nafikiria kwamba kijiji kizima, wachumaji, mnyapara, katekista, mdogo wangu niliyekuwa nambeba mgongoni, mama aliyezika mtoto kwa sababu ya namba moja, wote kwa miaka walikuwa wananificha mimi. Mimi mwenye "umejuaje". Nilikuwa nauliza swali hilo kwa dunia nzima isipokuwa hapa, kwa sababu hapa sikuona haja.

Na kweli nilitoka. Nilifika mbali kwa imani uliyonipikia, na kwa imani hiyo hiyo nikajifunza ufundi wa kukukamata. Sijui nikushukuru au nikushitaki. Leo asubuhi nilikuwa upande wa kushitaki, sasa jua limepenya ukungu kidogo na sina uhakika. Nilichokifanya ni hiki: nimechukua penseli, na pembeni ya ile tisa ya mwisho nimeandika jina la Safari na umri wake, na kwamba namba hii ni sahihi. Mama yake ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari nimeandika ulichofanya na kwa nini, bila kupaka rangi, nikaweka sahihi yangu. Mhandisi ataondoka na nakala kesho. Kaya za bondeni zitachimbiwa kisima badala ya kuahidiwa mfereji. Wamelalamika, lakini wamekubali.

Ahadi yangu ni hii. Sitakufanya malaika mbele ya wanafunzi wangu, na sitakufanya mwizi. Nitawaonyesha mchoro wako wenye shimo, niwaache wakushuku wenyewe, na atakayeniuliza "mwalimu, aliyepima alikuwa nani" nitamjibu yote, pamoja na mteremko, koleo na siku mbili tupu. Asiyeuliza nitamfelisha. Emanueli naye tumepatana. Amekubali kukisoma kipimamvua saa tatu, nami nimemwambia kwamba hata yeye simwamini, kwa hiyo apige picha.

Nakuaga sasa. Mbwa ameacha kunishangaa, amelala juu ya daftari zako. Sijakusamehe yale matembezi ya kutoka hapa mpaka Karatu, na usidhani nitakusamehe kwa sababu umekufa. Nimekupenda kuliko mtu yeyote, na hilo silipimi.

Lala, Baba. Na huko uliko, ukikutana na mtoto wa miezi minane anayeuliza asubuhi ile mvua ilikuwa kiasi gani, usimwongezee. Mwambie tisa.

Mwanao,
uliyemwita Mama